Waya hauchaguliwi na taa

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea, na wengine mlishaanza kuulizana kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Morogoro kwa Mama, nasimamia ufungaji wa umeme kwenye nyumba yake, na mtu yeyote aliyewahi kusimamia fundi huku yeye mwenyewe hajui ufundi ataelewa kwa nini sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Leo siandiki siasa. Naandika historia ya kitu ambacho huenda kiko ndani ya ukuta nyuma ya kiti ulichokalia sasa hivi: waya wa umeme, na hasa unene wake.

Kisa kilianzia Kariakoo. Fundi alinipa karatasi yenye orodha: roli tatu za waya wa moja na nusu kwa ajili ya taa, roli tatu za mbili na nusu kwa ajili ya soketi, na mita kadhaa za waya wa sita kwa ajili ya jiko. Kwa wasiojua (mimi nilikuwa mmoja wao mpaka juzi), hizo namba ni milimita za mraba. Ukiukata waya na kuutazama kwa mbele, ule uso wa shaba unaong'aa ndio unaopimwa. Plastiki ya juu haihesabiwi.

Muuza duka akaisoma karatasi, akacheka. "Kaka, siku hizi nani anafunga moja na nusu kwenye taa? Balbu zote ni LED. Chukua hii ya moja, bei nafuu, chenji utanunulia rangi." Akanikatia kipande kama shubiri moja nikakione.

Nikaanza kupiga hesabu kwenye simu pale pale. Nyumba ya Mama ina taa 12. Kila balbu ni wati 9. Jumla wati 108. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 0.47. Hata nusu ampea haifiki! Kumbe, nikasema moyoni, fundi ananipiga. Taa zote za nyumba nzima zinatumia umeme ambao hata waya wa spika ungeubeba bila kutoa jasho, na mzee huyu anataka ninunue shaba nene kama ya kiwanda. Sikununua siku ile. Nilirudi Morogoro na kipande changu mfukoni, nimejaa hesabu, tayari kwa vita.

Fundi wetu ni mzee wa miaka 75 hivi. Alianza kujifunza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 60, na mpaka leo ukimpa waya wa mbili na nusu anauita "saba-o-ishirini na tisa", jina ambalo vijana wake hawalijui. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mama ana pasi?" Nikasema anayo. "Na mwanangu, siku soketi ya chumbani ikigoma, mtu wa kwanza kuja hapa atavuta umeme wa pasi kutoka wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu nalijua. Wote tunalijua. Atavuta kutoka kwenye taa.

"Waya hauchaguliwi na taa," akasema. "Unachaguliwa na breka."

Sentensi hiyo nimeilala nayo wiki tatu. Maana yake ni hii. Breka ya ampea 10 haijui kwamba umeweka balbu za LED. Kazi yake ni kuruhusu ampea 10 zipite mchana na usiku, na ikizidiwa kidogo haikati mara moja. Breka za majumbani zimetengenezwa hivi kwamba ile ya ampea 10 inaweza kuvumilia ampea 14 karibu saa nzima kabla ya kukata. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye breka hiyo ni lazima uweze kuishi na mzigo huo, hata kama leo umebeba nusu ampea tu. Breka inaulinda waya. Ukiweka waya ulio dhaifu kuliko breka, mambo yanageuka: waya ndio unakuwa fyuzi, na fyuzi hiyo iko darini, juu ya mbao kavu.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua hizi moja na nusu na mbili na nusu zilitoka wapi, nani alikaa akaziamua, na alikuwa anafikiria nyumba ya nani.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba namba za waya ni za kale kuliko umeme wa majumbani, na zimepita hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari mwenzangu (tabia zake sizitetei), alikuwa Unguja akifunga mizigo ya msafara wa kwenda kumtafuta Livingstone. Alitakiwa kubeba fedha za bara, na fedha za bara zilikuwa aina tatu: shanga, vitambaa na waya wa shaba, yale waliyoyaita masango. Wafanyabiashara wa Kiarabu wakamfundisha kwamba waya haununuliwi hivi hivi tu. Kuna namba. Namba 5 na namba 6, zenye unene unaokaribia waya wa simu za maandishi, ndizo zilizokubalika. Kwa mujibu wa kitabu chake, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, shanga zikiwa ndizo sarafu za shaba. Akaambiwa farasila 10 zitamtosha, yaani ratili 350. Tafakari hilo: miaka mingi kabla swichi ya kwanza haijafungwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mwafrika yeyote, mnunuzi wa Ujiji alikuwa anajua tofauti ya namba ya waya, na ukimletea mwembamba anakurudishia.

Namba zenyewe zilitoka kiwandani. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa: unachukua fimbo ya chuma au shaba, unaipitisha kwa nguvu kwenye tundu la bamba gumu, inatoka nyembamba zaidi. Unaipitisha tundu dogo zaidi, inazidi kuwa nyembamba. Kwa kukisia tu, namba inahesabu safari za kupita tunduni, na ndiyo maana katika vipimo vya zamani namba inapopanda waya unapungua. Waya namba 20 ni mwembamba kuliko namba 10. Wengi wanaosoma vitabu vya Kimarekani huchanganyikiwa hapo.

Tatizo ni kwamba kila kiwanda kilikuwa na matundu yake. Namba 10 ya kiwanda hiki haikuwa namba 10 ya kile. Mwaka 1857 kampuni ya Brown & Sharpe ya Rhode Island, Marekani, ikaamua kumaliza fujo kwa hesabu: ikaweka waya mnene wa inchi 0.46 upande mmoja na mwembamba wa inchi 0.005 upande mwingine, kisha ikapanga hatua 39 kati yao, kila hatua ikipungua kwa uwiano ule ule. Wamarekani wanakitumia kipimo hicho mpaka leo. Waingereza nao wakapata chao cha kisheria kuanzia mwaka 1884. Lakini vipimo hivi vilijali unene tu. Hakuna aliyekuwa anauliza waya huu utapata moto kiasi gani, kwa sababu waya wa kufungia uzio haupati moto.

Swali la moto lililetwa na balbu.

Mwingereza James Joule alikuwa ameshaonyesha, mwaka 1841, kwamba joto linalotoka kwenye waya linakwenda na mkondo mara mkondo. Nisaidie kulirudia hili kwa lugha ya kijiweni: ukiongeza umeme unaopita mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, joto mara tisa. Ndiyo sababu waya uliokaa salama miaka kumi na taa unaweza kuyeyuka ganda jioni moja na pasi.

Thomas Edison aliisoma kanuni hiyo kwa jicho la mhasibu. Watu wanamkumbuka kwa balbu, lakini kwa maoni yangu akili yake kubwa ilikuwa kwenye bei ya shaba. Aliona kwamba balbu zinazokunywa mkondo mkubwa zingehitaji nyaya nene chini ya mitaa yote ya New York, na shaba hiyo ingemfilisi kabla hajauza taa hata moja. Suluhisho halikuwa kwenye waya, lilikuwa kwenye balbu: akatafuta uzi mwembamba wa kaboni wenye ukinzani mkubwa, unaotumia mkondo mdogo kwa volti zaidi. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha Pearl Street kikawaka kwa volti 110. Bado nyaya zilikuwa ghali mno, na umeme wake haukuweza kwenda mbali. Muda mfupi baadaye akaja na mfumo wa nyaya tatu badala ya mbili, uliopunguza shaba kwa zaidi ya nusu.

Nyumba za matajiri wake ndizo zilizolipa ada ya shule. Kwa William Vanderbilt, kwenye jumba lake la Fifth Avenue, nyaya ziligusana na nyuzi za madini zilizokuwa ndani ya pambo la ukutani, ukuta ukaanza kufuka. Mke wake alipogundua kwamba chini ya nyumba kuna boila na injini, akataka vyote vitolewe, na vikatolewa. Kwa J. P. Morgan, aliyekuwa mmoja wa waliompa Edison fedha, waya wa taa ya mezani ulileta hitilafu, meza ya maktaba ikaungua pamoja na zulia. Morgan hakung'oa kitu. Alifunga upya. (Majirani zake walikuwa wanalalamikia kelele za jenereta. Kumbe na wao!)

Waliokasirika kweli kweli ni kampuni za bima. Mwaka huo huo wa 1882, kule London, chama cha wahandisi wa simu na umeme kikatoa kanuni zake za kwanza za kuzuia moto unaotokana na taa za umeme. Zilikuwa kurasa chache tu. Leo kitabu hicho kiko toleo la 18, kinene kama Biblia, na nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, zetu zikiwemo, zilijifunza ufundi wa umeme kutoka humo. Kanuni moja ya kichwani waliyoitumia mafundi wa enzi hizo ilikuwa ampea 1,000 kwa kila inchi ya mraba ya shaba. Nimeigeuza kwa vipimo vyetu: ni kama ampea moja na nusu kwa kila milimita ya mraba. Yaani kwa kanuni hiyo, ule waya wa moja na nusu wa fundi wangu ungeruhusiwa ampea 2.3 basi. Leo majedwali yanaupa ampea 17.5 ukiwa kwenye bomba la ukutani. Shaba haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nguo iliyovaa: wakati ule ilikuwa pamba, hariri, nta na mpira, ikipita ndani ya vibao vya mbao. Leo ni plastiki ya PVC inayovumilia nyuzi joto 70.

Huku kwetu umeme ulianza kama pambo la ikulu. Shirika la umeme la Kenya husimulia historia yake kuanzia mwaka 1875, Sultani Barghash aliponunua jenereta ya kuwashia taa kwenye jumba lake la Unguja na mitaa ya karibu. Jenereta hiyo, kwa masimulizi hayo, ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndiyo iliyozaa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana ya reli na mtaa walikokaa maofisa wao. Baada ya vita Waingereza wakarithi, mwaka 1920 wakaunda idara ya serikali, na mwaka 1931 wakakabidhi kazi kwa kampuni mbili binafsi, TANESCO na DARESCO. Serikali ilinunua hisa mwaka 1964. Nimeipitia haraka historia hii kwa sababu mashirika yake yameandikwa sana. Nyaya zake hazijaandikwa.

Na nyaya za wakati huo zilikuwa za taa tu. Hili ndilo nililolipenda zaidi katika kusoma kwangu. Popote umeme ulipoingia kwanza, Ulaya, Marekani au pwani yetu, uliingia kama mwanga. Nyumba ilifungwa taa, ikaisha. Vifaa vikaja baadaye na kukuta hakuna pa kuchomeka isipokuwa kwenye kichwa cha taa. Mwaka 1904 Mmarekani Harvey Hubbell alipata hataza ya plagi inayochomeka kwenye kifaa kinachofungwa ndani ya kishikio cha balbu, ili mtu asihangaike kuunga nyaya kila anapotaka kutumia kitu. Kwa hiyo yule jirani yako anayenyonga pasi kwenye kishikio cha taa hakubuni kitu. Amefuata mila yenye zaidi ya miaka mia.

Waingereza waliongeza sababu nyingine. Kwao, kabla ya vita ya pili, umeme wa taa na umeme wa kupashia joto ulikuwa na bei tofauti na mara nyingi mita tofauti. Ndipo nyaya zikatengana kabisa: nyembamba za taa huku, nene za moto kule, na plagi za pini za duara za ampea 2, 5 na 15, kila moja na tundu lake. Mita mbili zimekufa. Utengano wa nyaya umebaki mpaka kwenye karatasi ya fundi wangu: moja na nusu hapa, mbili na nusu pale.

Sasa turudi kwenye "saba-o-ishirini na tisa". Fundi alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo ya rangi. Zamani waya wa Kiingereza ulitajwa kwa idadi ya nyuzi na unene wa kila uzi kwa inchi. Waya wa taa ulikuwa nyuzi 3 za inchi .029, wa soketi nyuzi 7 za inchi .029. Nimekokotoa: wa kwanza ni milimita za mraba 1.28, wa pili 2.98. Mwaka 1969 na 1970 Uingereza ilihamia vipimo vya metriki, na shehena zilizofuata kuja bandarini kwetu zikaja na majina mapya. Mzee anasema siku ya kwanza alipoletewa waya wa mbili na nusu aliukataa, akidhani amepunjwa. Hakukosea sana! Waya wa soketi ulipungua kweli, kutoka 2.98 hadi 2.5, huku wa taa kwa mafundi wengi ukinenepa, kutoka 1.28 hadi 1.5.

Mbona basi namba zenyewe zinaruka hivyo, 1, 1.5, 2.5, 4, 6, 10, 16? Kwa nini si 1, 2, 3, 4? Hapa kuna Mfaransa. Charles Renard alikuwa ofisa wa jeshi aliyeshughulika na maputo ya angani katika miaka ya 1870. Alikuta jeshi linatunza kamba za maputo za aina 425. Akatafuta uwiano wa hesabu, kila kipimo kikizidi cha nyuma kwa kiwango kile kile, akazipunguza mpaka 17. Mfululizo wa hatua tano wenye jina lake unakwenda 1, 1.6, 2.5, 4, 6.3, 10. Linganisha na roli za Kariakoo. Ni karibu ndugu, zimekatwa kidogo tu desimali. Mwaka 1884 Renard na mwenzake Krebs walirusha chombo cha anga kiitwacho La France, kikaenda na kurudi kilipotoka. Injini yake ilikuwa ya umeme wa betri. Sijui kama fundi wangu alinisikiliza nilipomweleza haya, maana alikuwa anatafuta koleo lake.

Vita ya pili ikaacha alama yake pia. Shaba ilikuwa adimu, na Uingereza ilihitaji kujenga upya nyumba nyingi. Kamati iliyokuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, ilipendekeza soketi nyingi zilishwe kwa waya mmoja unaozunguka na kurudi ulikotoka, na kila plagi iwe na fyuzi yake ndani. Mwaka 1947 ikazaliwa plagi ya pini tatu za pembe nne, ampea 13. Ndiyo hiyo hiyo iliyochomekwa chaja yako, uwe Dar, Mombasa, Kampala au Unguja.

Sasa muuza duka wangu. Lazima nimtendee haki, maana hakusema uongo mtupu: kanuni za Waingereza za leo zinaruhusu waya wa milimita moja kwenye taa. Kanuni za kimataifa ndizo zinazotaka moja na nusu. Nilipogundua hilo nilikaribia kurudi kumwomba msamaha. Kisha nikasoma maelezo madogo chini ya jedwali.

Majedwali haya ya waya yamepimwa kwa hewa ya nyuzi joto 30. Nani amewahi kupanda kwenye dari ya nyumba ya mabati Morogoro, saa nane mchana, mwezi wa kumi na mbili? Mimi nimepanda, nikashuka baada ya dakika mbili. Hewa inapofika nyuzi 50, waya wa PVC unatakiwa kupunguziwa mzigo mpaka asilimia 71. Piga hesabu na mimi. Waya wa milimita moja kwenye bomba umepewa ampea 13.5. Chukua asilimia 71 yake, inabaki 9.6. Iko chini ya breka ya ampea 10! Waya wa moja na nusu, kutoka 17.5, unabaki na 12.4. Unapita, kwa nafasi ndogo tu. Na hapo bado hujahesabu kwamba ndani ya bomba lile lile fundi huwa amepitisha nyaya za saketi nyingine mbili zinazopashana moto. Mwingereza ana haki ya milimita yake moja. Dari yake ina baridi.

Fundi hakuwahi kusoma jedwali hilo. Aliniambia tu, "Huku juu kuna jua."

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao nimeuona kijijini kwa wajomba, kwenye sola. Pale hatari kubwa si moto, ni giza. Volti 12 ni ndogo, kwa hiyo kifaa kile kile kinahitaji mkondo mkubwa mara 19 kuliko kwenye volti 230. Wati 60 kwa umeme wa TANESCO ni ampea 0.26. Kwenye betri ni ampea 5. Waya wa moja na nusu una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Ukiuvuta mita 15 mpaka chumba cha nyuma, kwenda na kurudi ni mita 30, ukinzani omu 0.36. Kwa ampea 5 umepoteza volti 1.8 njiani, na chumbani zinafika 10.2. Televisheni inazimika, mjomba analaumu betri, anauziwa betri mpya, tatizo liko pale pale. Kwa umeme wa kawaida hasara hiyo ingekuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya volti, usingeijua. Ni ugonjwa ule ule wa Edison wa mwaka 1882, umehamia kwenye paa la nyasi, na dawa zake ni zile zile: waya mnene, au njia fupi, au volti zaidi.

Kilichobaki ni kile kipande changu cha shubiri moja. Siku ya pili ya mabishano fundi alikiomba. Akatoa kisu, akaukwangua waya taratibu kama anamenya muhogo. Wekundu wa shaba ukatoka, chini yake kukawa na weupe. Alumini iliyopakwa shaba. Kisha akaupima kwa kifaa chake cha kupimia unene, akaniachia mimi nisome: milimita 0.9. Waya wa kweli wa milimita moja ya mraba unatakiwa uwe na kipenyo cha 1.13. Nilipokokotoa nikapata 0.64. Yaani hata ile "moja" haikuwa moja, na hata hiyo 0.64 haikuwa shaba.

Alumini si sumu, nyaya kubwa za nguzoni ni za alumini. Lakini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, hivyo inatakiwa iwe nene zaidi, na kwenye skrubu za soketi ina tabia ya kulegea. Wamarekani waliijua kwa gharama. Bei ya shaba ilipopanda katikati ya miaka ya 60, nyumba nyingi zilifungwa waya wa alumini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, na mwaka 1974 watu wawili walikufa kwa moto wa namna hiyo huko Hampton Bays, New York. Uchunguzi wa serikali yao uliona kwamba kwenye nyumba zenye nyaya za alumini za kabla ya mwaka 1972, uwezekano wa maungio kupata joto la hatari ni mara 55 kuliko kwenye nyumba za shaba. Na wao waliuziwa alumini kwa jina la alumini. Mimi niliuziwa kwa jina la shaba.

Nilirudi Kariakoo, duka jingine, safari hii na mizani ya jikoni ya Mama ndani ya begi. Watu walinishangaa, acha tu washangae. Roli la mita 90 la waya wa moja na nusu lina shaba ya karibu kilo 1.2, bila kuhesabu plastiki. La mbili na nusu ni kilo 2. Roli likiwa jepesi kuliko hapo, hakuna haja ya kubishana na mtu.

Tulimaliza kufunga Alhamisi iliyopita. Mama aliwasha taa zote 12 kwa pamoja, akatembea chumba hadi chumba kama anakagua gwaride, akarudi sebuleni na kutuuliza kwa nini pale ameachiwa soketi mbili tu, na je, siku atakapotaka kupiga pasi huku anaangalia taarifa ya habari, hatuwezi kumtolea umeme kidogo kutoka pale kwenye taa? Fundi hakusema neno. Alinitazama tu, akaokota koleo lake.